Maji Hayakukuzoea, Wifi

Wifi yangu Skola,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya cherehani hapa Mpanda, gauni la mteja limenilalia mapajani na sina hamu ya kulishona. Mvua zimeshika. Huko Kibaoni najua majaruba ya mpunga yamejaa na watu wameshaanza kung'oa miche kitaluni. Ungekuwepo, saa hizi ungekuwa umeshanipigia simu kunikebehi: "Wifi, njoo upandikize walau mstari mmoja, hiyo mikono ya mjini itaota ukungu." Hupo, na mimi nimebaki na maneno mengi yasiyo na mtu wa kuyasikiliza. Kaka Deus hataki kuyasikia. Mama naye akiona nafungua mdomo anachukua rozari. Nimeona niyaandike kwako, na kama yupo mwingine atakayeyasoma, ayasome tu.

Nianze na mazuri, maana nikianza na hasira nitaharibu. Unakumbuka ulivyoletwa kwetu? Ulitoka Ugalla, kwa watu wa mizinga na misitu, ukaja na ndoo ya asali na khanga mpya ambazo bado zilikuwa zinanukia duka. Mimi ndiye nilikuwa wifi mtu, mdomo mkubwa kuliko mwili, na nilikuwa nimeshajipanga kukutesa kidogo kama ilivyo kawaida ya mawifi. Nilikuficha mwiko. Nikakudanganya kwamba mama hali ugali wa muhogo, wakati hakuna anachokipenda zaidi. Wewe ukanitazama, ukacheka, ukasema, "Wifi, hebu niambie nikulishe nini wewe, ili hicho kinywa kipumzike." Tangu siku hiyo nikawa mtu wako. Mama alilalamika kwamba badala ya kumchunguza mkwe wake nimekuwa mkia wake.

Hukuwa unaujua mpunga. Kwenu maji ni ya mtoni, mnachota na kurudi nyumbani. Kwetu mwanamke anaingia majini mvua zikikolea na hatoki mpaka mpunga umesimama. Wanaume wanalima na ng'ombe, wanasawazisha tope, kisha wanapanda juu ya tuta kutazama. Kupandikiza ni kwa wanawake, kwa sababu, wanasema, mgongo wa mwanamke unainama vizuri. Siku zako za kwanza ulitoka jarubani miguu imejaa vipele kuanzia kifundoni hadi magotini, unajikuna mpaka machozi yanakutoka. Ulimwonyesha mama. Mama akaipapasa miguu yako, akasema, "Ni ngozi tu inajifunza maji. Utazoea." Jirani alikwambia hivyo hivyo, kaka Deus naye, na mimi pia, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa nilipokuwa mdogo. Na kweli, msimu uliofuata vipele vilipungua. Tukafurahi, tukasema sasa huyu amekuwa Mpimbwe kamili.

Jamani, ulikuwa unapanda! Nilipohamia mjini kujifunza ushonaji nilikuwa narudi kila msimu kusaidia, na nilikuwa nachukua nafasi ya pembeni yako makusudi ili nione unavyofanya. Fungu la miche kwenye mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kinazamisha shina topeni, unarudi nyuma hatua, unaendelea, na huku unaimba nyimbo za kwaya ya kigango. Aliyezembea ulimrushia tope. Ulinirushia mimi mara nyingi kuliko wote. Tulikuwa tunatoka jioni tumechakaa, tunaosha miguu kwenye mfereji ule ule, tunakunywa togwa, tunacheka watu. Hizo ndizo siku zangu nzuri, wifi, na inaniuma kwamba siwezi kuzikumbuka bila kuyaona yale maji.

Halafu ile siku ya bwana shamba. Unaikumbuka bila shaka. Alikuja kutufundisha kupanda kwa kamba, suruali imenyooshwa, buti za mpira ndefu, hataki hata tone limguse. Akakanyaga tuta bovu, tuta likamomonyoka, akazama kwenye mfereji mpaka kiunoni na buti zake zote. Tulicheka mpaka wengine wakakaa majini. Lakini alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "Jamani, haya maji yana kichocho!" alisema, huku anajifuta kwa mikono. Cheko likakatika pale pale. Mama akakimbilia dumu la maji ya kunywa, akamwogesha nayo miguu kwa sabuni. Kaka Deus akawasha pikipiki. Wanaume wote juu ya tuta wakawa wanapiga kelele kwamba apelekwe akapimwe leo hii, asicheleweshwe. Na wewe, maji yamekufika magotini, fungu la miche mkononi, ukaita kwa sauti kubwa, "Mkimbizeni jamani, huyo hajazoea!"

Pikipiki ikaondoka. Sisi tukainama tukaendelea kupanda.

Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi. Mtu mmoja alikaa kwenye maji muda wa kutumbukia na kutoka, na kijiji kizima kikaona hatari. Wanawake tulikuwa ndani tangu asubuhi, na tangu utotoni, na hakuna aliyeona kitu. Wala hatukuwa wajinga. Neno kichocho tulilijua. Tulijua kinakaa kwenye maji yale yale. Tulichoamini ni kwamba kuna miili kinaiingia na kuna miili kinaipita, na kwamba mwili uliokwisha kuteseka sana una kinga ya mateso. Bwana shamba mwili wake ulikuwa laini, basi ukahurumiwa. Wetu ulikuwa mgumu, basi ukaachwa.

Na si sisi tu. Hapa sokoni nina mteja wangu mmoja, mama wa heshima, mumewe ana ofisi. Juzi nilikuwa nampima mabega akaniambia, "Nyie watu wa Mpimbwe mna bahati, hamuumwi. Sisi huku tukinyeshewa kidogo tu, hospitali." Nikamuuliza nani kamwambia hatuumwi. Akasema, "Mbona mnacheka muda wote mkiwa mashambani? Mgonjwa anacheka?" Nilimchoma na pini kidogo, wifi. Kwa bahati mbaya, nilimwambia, lakini wewe unanijua.

Tena kulikuwa na hili la wavulana. Unajua watoto wetu wa kiume walivyokuwa wakienda kuchunga, wanasimama kwenye ukingo wa mfereji wanashindana nani anakojoa mbali, na aliyekojoa damu alionekana amekomaa. Baba zao walikuwa wanacheka. "Huyo sasa mwanaume." Mwalimu akiwaona aliwapeleka wakapate dawa, na mambo yakaisha. Damu ya mvulana ilikuwa na jina na ilikuwa na dawa. Damu yako wewe ilipokuja, ilipewa jina lingine.

Ulikuwa umeshamzaa Dafroza, naye ameshaanza kukimbia na kuvunja vyombo. Miaka ikapita bila mwingine. Watu wakaanza kuuliza kwa macho. Ndipo ukaanza kuniagiza sketi za rangi nzito: kahawia, buluu iliyoiva, nyeusi. "Na bitana nene, wifi, usinipunguzie." Nilikutania kwamba umeanza kujifanya mama mchungaji wakati wewe ni Mkatoliki. Ulicheka kidogo, ukabadilisha mazungumzo. Baadaye, tukiwa wawili jikoni, ndipo uliponiambia unatokwa damu nje ya siku zako, unaumia ukiwa na mumeo, na kukojoa kunakuchoma. Uliongea huku unachambua mchele, hukuniangalia hata mara moja.

Ulikwenda zahanati. Sitaitaja, na aliyekupokea sitamtaja, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka mwenye swali moja tu. Hakukuuliza unafanya kazi gani. Hakukuuliza unasimama wapi mchana kutwa. Alikuuliza, "Una wanaume wangapi?" Kisha akakupa vidonge vya magonjwa ya zinaa na kukwambia umlete mwenzako naye atibiwe. Ulivimeza, hali ikabaki ile ile. Ukarudi, ukapewa vingine. Kila uliporudi ulizidi kuonekana mtu asiyeacha tabia yake.

Kaka Deus alipoambiwa aende kutibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao, unajua kilichofuata. Mama yangu mzazi, ambaye nampenda na ambaye ulimpikia miaka yote ile, alisema mbele yetu, "Mwanamke akitoka damu isiyo na mpangilio, kuna mahali amepita." Alisema kwa upole kabisa, na ndio maana iliuma zaidi. Kwenye jumuiya wakaacha kukupangia zamu ya kuongoza sala. Kaka akakurudisha Ugalla kwa wazazi wako "ukapumzike". Ulipumzika kiangazi kizima. Mvua zilipokaribia akakufuata mwenyewe, kwa sababu jaruba halikuwa na mtu wa kulipanda, na wewe ukarudi. Sijui ulirudije. Mimi ningemwachia jaruba lake na nyumba yake. Nilikwambia hivyo, ukajibu, "Wifi, Dafroza yuko huku."

Sasa naomba uvumilie, nifike kwenye hasira yangu, kwa sababu kuna hasira nyingine ni juu yako wewe.

Unakumbuka asubuhi ile ulivyonitokea hapa Mpanda bila taarifa, Dafroza kavaa sare za shule na ndala? Nilifurahi mno hata sikuuliza. Nilifunga cherehani. Tukazunguka soko zima, tukala maandazi, tukaangalia vitenge ambavyo hatukuwa na mpango wa kuvinunua, Dafroza akapanda bajaji kwa mara ya kwanza maishani akawa anapungia watu kama mheshimiwa. Mchana tukapika wali na samaki. Ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona kwako muda mrefu. Nikakuuliza, kwani leo shule imefungwa? Ukainama sikioni kwangu, ukaniambia, "Leo wanameza vidonge vya kichocho. Wanawasimamisha kwenye kijiti kuwapima urefu, halafu wanawapa. Watu wanasema vinaua uzazi kwa watoto wa kike. Mimi nimemkimbiza wangu."

Nilikwambia, "Skola, wenzake wanameza kila mara, mbona hatujasikia mtu kafa?"

Ukaniangalia kwa utulivu kabisa. "Wenzake wana mama waliojaliwa watoto tele. Mimi ninaye huyu mmoja. Nikiharibu hiki kizazi, nitakimbilia wapi?"

Na hata leo nikijitahidi kukulaumu, nafika kwenye sentensi hiyo nakwama. Ulikuwa unajua uchungu wa tumbo lisilobeba. Ulikuwa umetukanwa kwa ajili yake, umerudishwa kwenu kwa ajili yake. Ukaona hatari inamjia mwanao, ukambeba ukakimbia naye mbali. Ulichokosea ni upande tu, wifi. Ulimkimbiza mbali na kidonge, jioni ukamrudisha kwenye maji. Na uliendelea kufanya hivyo kila walipokuja na vile vidonge, kwa kuwa niligundua baadaye kwamba safari zenu zote za ghafla za kuja kunisalimia zilikuwa na sababu ile ile. Kuna siku nakukasirikia mpaka naizima redio ili nikukasirikie vizuri.

Halafu tumbo likaanza kukuvimba kwa chini, na miguu, na mkojo ukawa damu tupu. Ndipo kila mtu akaona kwamba unaumwa. Hapo ndipo ulipohurumiwa, ulipokwisha kuwa mwembamba kama watu wanavyopenda mgonjwa awe. Tulipanda treni hapa Mpanda, mimi na wewe, tukabadilisha njiani, tukafika Mwanza na ile kandambili yako moja imekatika. Daktari wa kule ndiye aliyekuuliza, "Mama, kazi yako ni nini?" Ukamjibu, "Mpunga." Akaandika, akaitazama miguu yako, akaandika tena. Baadaye aliniita nje akaniambia ni saratani ya kibofu, kwamba kichocho kikikaa mwilini miaka bila kutibiwa kinaweza kufika huko, na kwamba tumechelewa. Alitaka kujua kwa nini tumechelewa. Nilimtazama, nikaona nikianza kumweleza tutakesha, nikamwambia, "Ni mbali."

Hukufika masika yaliyofuata. Tulikuzika Kibaoni, kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka, pakavu. Mimi ndiye niliyepachagua.

Msimu ule ule ulipoanza, mstari wa wanawake uliingia jarubani ukiwa na pengo mahali pako. Halikukaa wazi. Dafroza aliingia hapo. Hakuna aliyemwambia aingie. Alikunja sketi akaingia tu, na watu wakasema angalia mtoto wa Skola, mikono ya mama yake. Nilikuwepo, niliyasikia, na nilijivunia.

Sasa ni binti mkubwa. Amemaliza shule, mrefu kuliko mimi, kicheko ni chako chote. Kuna kijana mwalimu kutoka upande wa Usevya ambaye ameanza kutuma salamu, na wazee walikwisha kuonana mara moja. Mwezi uliopita alinijia nimshonee nguo za kuvaa siku ya ugeni wa upande wa kijana. Nilimpima kiuno, nikamwonyesha vitambaa, nikamchagulia kimoja cha rangi ya chungwa kilichomkaa vizuri ajabu. Akakirudisha mezani. Akasema, "Shangazi, nitafutie cha rangi nzito. Na unitilie bitana nene."

Nilifunga mlango wa kibanda, nikamwambia aniambie yote, na akaniambia. Ilikuwa habari yako, neno kwa neno, kutoka kwenye mdomo mwingine. Alikuwa ameshakwenda zahanati peke yake, wifi. Naye aliulizwa habari za wanaume. Alimwambia yule mtu kwamba hajawahi, na yule mtu akatabasamu.

Kesho yake nilimpeleka hospitali hapa Mpanda, nikakaa naye foleni tangu mapema. Tulikutana na daktari mwanamke, mdogo kiumri, ana haraka, wala hakuwa na maneno matamu. Lakini jambo la kwanza alilomuuliza Dafroza lilikuwa, "Kwenu mnalima nini? Unaingia kwenye maji?" Nilianza kulia pale pale mbele ya watu, daktari akadhani mimi ndiye mgonjwa. Sikuwa nikililia ugonjwa. Nililia kwa kuwa swali lilikuwa dogo kiasi kile, na wewe ulivuka miaka mingi bila kuulizwa.

Amepimwa. Kichocho kimeingia kwenye njia ya uzazi. Kumbe kinaweza, wanawake wengi wanacho na hawajui. Amemeza dawa, vidonge vikubwa vichungu, alivimeza na wali mbele yangu na nilihakikisha ameonyesha ulimi. Daktari alisema dawa inaua minyoo lakini makovu yaliyokwisha kufanyika hayaondoki. Dafroza akauliza kama atazaa. Daktari akasema, "Wengi wanazaa. Wengine inakuwa shida. Siwezi kukuahidi." Akaongeza kwamba akirudi kwenye maji anaanza upya.

Nikafunga safari mpaka Kibaoni. Niliwakalisha kaka Deus na mama, nikawaeleza wote wawili polepole. Mama alibisha. "Kichocho ni cha wavulana," alisema. "Tumezaliwa tunaona." Nilimweleza tena. Kaka alikuwa anachokonoa ardhi kwa kijiti. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo mama yake hakuwa na mtu?"

"Hakuwa na mtu, kaka. Alikuwa na jaruba lako."

Alinyanyuka akatoka nje. Nilimwona akienda upande wa makaburi, na sikumfuata. Nimekuletea habari hiyo kwa sababu naamini uliisubiri, ingawa imefika wakati haikusaidii kitu.

Nilidhani imekwisha. Lakini mvua haingoji mtu amalize majuto. Juzi kaka alinipigia simu. "Mrudishe mtoto, maji yameshajaa. Miche inazeeka kitaluni." Nikamkumbusha alichosema daktari. Akasema, "Ameshameza dawa, si amepona? Nyie watu wa mjini sasa mnaogopa hata maji. Tutakula nini?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayokwenda kwa marehemu. Nilimwambia Dafroza hataingia tena jarubani, nitamfundisha cherehani, na kama anataka mpunga wake upandwe basi avue suruali apande mwenyewe. Akakata simu.

Jana akapiga tena, sauti imelainika. "Dada, basi, yaishe. Abaki huko huko. Nimeshapata mtu wa kusimama kwenye nafasi yake."

"Nani?" nikauliza.

"Binti wa wale waliohamia mwaka huu, wanakaa kule pembezoni mwa mbuga. Ana nguvu huyo! Anashinda humo tangu alfajiri, hata halalamiki. Wale watu hawajui kuumwa."

Nikamwambia, "Afadhali."

Lilitoka lenyewe, wifi. Na kifua changu kilishuka kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Nilikwenda kumwambia Dafroza kwa furaha. Alikuwa kwenye cherehani anajaribu kushona mstari ulionyooka. Akasimamisha mguu. "Ni nani huyo, Shangazi?" Nikasema sijui, ni binti wa watu tu. "Ni mkubwa au ni mdogo?" Nikasema sijui. "Anasoma? Alishawahi kumeza dawa?" Akaendelea kunitazama kwa macho yako yale, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Nimempigia kaka leo asubuhi kuuliza. Anasema yuko shambani, hasikii vizuri, nipige baadaye.

Kwa hiyo leo sikuombi umwangalie Dafroza. Yeye ninaye hapa, miguu mikavu, na nitampigania mpaka mwisho wangu. Ukiwa na nafasi ya kuongea na Mungu, mtajie yule mwingine. Yuko kwenye mstari, mahali pale pale ulipokuwa unasimama wewe, maji yamemfika magotini, na leo nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Mtaje hivyo hivyo tu, kwa kuwa sikuuliza hata jina lake.

Pumzika pakavu, wifi.

Mimi wifi yako, shangazi yake Dafroza.